Taa za gari kugeuka njano: kung'arisha peke yake hakutoshi

Simama kwenye maegesho ya ofisi yoyote jijini Dar es Salaam uyaangalie magari kwa mbele. Rangi imepigwa polishi, rimu zinawaka, namba ya gari imewekewa fremu inayometa, lakini taa zina macho ya mgonjwa wa manjano. IST, Vitz, Raum, Premio, Noah: gari likishavuka miaka kumi ni bahati kulikuta na taa ambazo unaweza kuiona balbu iliyomo ndani.

Wengi tunalichukulia hili kuwa suala la urembo. Gari limezeeka, taa nazo zimezeeka, tutazisafisha siku tukipata mnunuzi. Kwa mtazamo huo vijana wa kung'arisha taa hawakosi kazi, na kwa mtazamo huohuo kazi yao haidumu. Utawakuta pembeni mwa vituo vya mafuta na sehemu za kuoshea magari, kopo la dawa mkononi na kitambaa begani.

"Bosi, hizi nakufanyia mpya kabisa, dakika ishirini tu."

"Na zikirudi njano?"

"Unarudi, bosi. Mimi niko hapahapa kila siku."

Amesema kweli. Zitarudi njano, nawe utarudi kwake. Kosa si la kijana peke yake, maana mteja naye analipia kile anachokiona kwa dakika ile, na kwa dakika ile taa zinametameta kweli.

Kifuniko cha mbele cha taa hizi si kioo, japo mafundi wote huita hivyo. Ni plastiki iitwayo polikaboneti. Mwaka 1953 wanakemia wawili waliifikia kila mmoja kivyake: Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer kule Uerdingen, Ujerumani, na Daniel Fox wa General Electric kule Marekani. Ndiyo plastiki iliyotengenezea CD tulizonunua enzi Bongo Fleva inauzwa kwa CD, na ndiyo ya zile ngao angavu za askari wa kutuliza ghasia. Haivunjiki ovyo, uzito wake ni karibu nusu ya kioo cha ujazo uleule, na kiwandani inamiminwa umbo lolote analotaka mbunifu. Peugeot 504 na Land Rover za zamani zilikuwa na taa za kioo halisi. Jiwe likiruka ziliweza kupasuka, lakini zilizeeka bila kugeuka njano. Marekani iliruhusu taa za kubadilisha balbu, ambazo kifuniko chake kiliweza kuwa cha plastiki, mwaka 1983, na gari la kwanza kutoka nazo kule lilikuwa Lincoln Mark VII, toleo la mwaka 1984. Baada ya hapo plastiki ikatawala, na taa zikaanza kulala kufuata boneti na kuzunguka hadi kwenye fenda.

Kwa uhodari wake wote, plastiki hiyo haiwezi jua. Miale ya urujuanimno, ile tusiyoiona kwa macho, huvunjavunja kemia ya uso wake, na mabaki ya uvunjaji huo ndiyo rangi ya njano. Watengenezaji wanalijua hilo tangu mwanzo, kwa hiyo kila taa inapotoka kiwandani huwa imepakwa tabaka gumu la kinga, jembamba kuliko unywele, lenye kemikali za kuinyonya miale hiyo kabla haijaigusa plastiki. Tabaka hilo ndilo linalozeeka kwanza. Mchanga wa barabarani unalichoma, sponji yenye udongo ya mwosha magari inalikwaruza, joto la balbu linalikausha kwa ndani na jua la ikweta linalichoma kwa nje. Linapoanza kubanduka, plastiki iliyo chini inabaki uchi.

Ukitaka kuthibitisha kuwa mhalifu ni jua, tafuta gari linaloegeshwa kila siku mahali pamoja likielekea upande mmoja. Mara nyingi taa moja itakuwa imechoka kuliko mwenzake, na sehemu ya juu ya taa, inayotazama mbingu, itakuwa mbaya kuliko ya chini. Hata magari yanayolala gereji huku yanashinda juani kazini hayaponi.

Kuna jambo jingine ambalo nimeliona hapa kwetu na sijaliona likiandikwa. Kwa kuogopa wezi wa spea, wengi tunachora namba ya gari kwenye taa, kama tunavyochora kwenye vioo vya pembeni. Ni kinga nzuri dhidi ya mwizi, sibishani nayo. Ila ncha ile inayochora inalikata tabaka la kinga, na ukitazama kwa karibu taa iliyochorwa miaka kadhaa iliyopita utaona ukungu umeanza kutambaa kutoka kwenye herufi zilezile.

Sasa tuache urembo. Taa yenye ukungu haipunguzi mwanga tu, inautawanya. Mwanga uliopaswa kwenda mbele barabarani unasambaa kila upande, juu kwenye majani ya miti na kwenye macho ya dereva anayekuja. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima jambo hili mwaka 2018 na kukuta kuwa taa zilizochoka, zikiwa kwenye dimu, zilitoa karibu asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Kule Japani, yanakotoka magari yetu mengi, ukaguzi wa lazima wa gari hupima mwanga huo wa dimu, na kila taa inatakiwa itoe angalau kandela 6,400. Gari la miaka kumi na tano lenye taa za njano kule ni gari lenye kazi ya kufanyiwa kabla ya kupata stika. Hapa linapata mnunuzi.

Dereva ambaye dimu yake haioni mbali anafanya nini? Anawasha fulu. Haizimi tena mpaka Morogoro. Anayekutana naye anakasirika, anajibu kwa fulu yake, na kwa sekunde kadhaa wote wawili wanaendesha wakiwa vipofu. Tunawalaumu madereva kwa ukosefu wa ustaarabu, na wengine wanastahili lawama hizo, lakini sehemu ya tatizo imekaa mbele ya bampa.

Kwetu usiku ni nusu ya siku mwaka mzima. Giza linaingia kabla ya saa moja, wakati barabara zimejaa watu wanaorudi nyumbani kwa miguu, baiskeli zisizo na taa, na bajaji yenye taa moja. Nje ya mji kuna lori lililoharibika, na onyo pekee ni matawi ya miti yaliyolazwa barabarani nyuma yake. Gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde, na hata dereva makini akiona hatari atahitaji zaidi ya mita 50 kusimama. Majani mabichi kwenye lami nyeusi hayang'ai. Unayaona kwa taa nzima, au unayaona yakiwa chini ya magurudumu.

Turudi kwa kijana na kopo lake. Ndani ya makopo hayo kuna mambo mengi, na mengine hata yeye hajui ni nini. Dawa ya meno, inayosifiwa kila kona, ina chembechembe za kusugulia, hivyo inaondoa uchafu wa juu na ukungu mwepesi. Haina madhara makubwa, na haina nguvu ya kutosha kwa taa iliyoiva njano. Dawa ya kupuliza ya kufukuza mbu ni habari nyingine. Ile yenye kemikali ya DEET huyeyusha uso wa plastiki. Makovu yanajaa kwa muda na taa inang'aa mbele ya macho yako, kumbe uso umelainika na utachakaa haraka zaidi. Ikimwagikia rangi ya bampa, nayo inaharibika. Tina na petroli ni hatari zaidi, kwa sababu polikaboneti iliyo uchi ikiguswa na vimiminika vya namna hiyo huweza kuota nyufa nyembamba ndani kwa ndani, na nyufa hizo hakuna msasa wa kuzitoa.

Kabla hujagusa chochote, mwagia taa maji safi uiangalie ikiwa imelowa. Ikionekana angavu ghafla, shangilia kidogo: ubovu uko nje na unatibika. Isipobadilika, huenda ukungu uko ndani, umeletwa na maji yaliyopenya kwenye mpira wa nyuma au kwenye gundi ya pembeni, na kusugua nje ni kupoteza Jumamosi. Chungulia pia ule uso wa fedha ulio nyuma ya balbu. Ikiwa umebabuka au umeungua kwa sababu mtu alifunga balbu kubwa kuliko ile iliyopangwa, taa hiyo haitamulika vizuri hata kifuniko chake kiwe kama maji ya chemchemi.

Kazi yenyewe haihitaji utaalamu, inahitaji uvumilivu. Nunua misasa ya maji kwenye duka la rangi za magari: namba 600, 1000, 1500 na 2000. Namba inavyopanda, msasa unakuwa laini. Taa iliyobanduka vipande inaanzia 600. Yenye unjano mwepesi inaanzia 1000. Loweka misasa kwenye ndoo ya maji yenye tone la sabuni. Egesha kivulini, acha taa zipoe, osha, kisha zungushia utepe wa karatasi kwenye boneti, bampa na fenda, tabaka mbili, maana rangi ya kwenye kingo inakwanguka kwa kiharusi kimoja tu cha msasa.

Halafu anza kusugua, maji yakitiririka muda wote. Hapa tazama maji, usitazame taa. Mwanzoni yatakayoshuka kwenye bampa ni mazito yenye unjano, rangi ya uji wa ulezi uliozidiwa maji. Hilo ni tabaka la zamani na plastiki iliyoungua. Endelea mpaka yashuke meupe. Wengi wanaishia njiani kwa sababu taa katika hatua hii inatisha: nyeupe yote, haipitishi hata kivuli cha balbu, mbaya kuliko ulivyoianza. Ndivyo inavyotakiwa iwe. Ikaushe kwa kitambaa uitazame kwa mshazari. Palipong'aa ni pale ambapo msasa haujafika, na aghalabu ni kwenye pembe na kwenye ukingo wa juu karibu na boneti. Tabaka la zamani likibaki pale, litaacha alama kama ramani chini ya kila utakachopaka baadaye.

Kila unapobadilisha msasa, badilisha na mwelekeo. Kama 600 ulisugua kwa kulala, 1000 sugua kwa kusimama; mikwaruzo ya awali itajionyesha, na ikishapotea yote ndipo uende namba inayofuata. Anayeruka hatua atakutana na mikwaruzo yake usiku, mvua ikinyesha.

Hapo njia zinagawanyika, na ndipo kazi nyingi za mtaani zinapoharibika.

Njia ya kwanza ndiyo anayoijua kila mtu. Unapanda hadi 2000, ikiwezekana 3000, kisha unapiga polishi ya kukata kwa kitambaa laini au kwa pedi ya sponji iliyofungwa kwenye drili. Ukitumia drili, usikae mahali pamoja, kwani joto linababua plastiki kabla hujashtuka. Baada ya nusu saa taa inang'aa kweli. Mwenye gari anapiga picha, anatuma kwenye kundi la WhatsApp la familia, na mjomba aliyeko Mwanza anauliza amenunua wapi taa mpya.

Lakini fikiria kilichotokea. Tabaka la kinga lililokuwa limebaki, hata kama lilikuwa bovu, umeliondoa lote. Plastiki sasa iko uchi mbele ya jua kuliko wakati wowote tangu itoke kiwandani, na haitachukua miaka kumi kugeuka njano tena. Kwa jua letu ni suala la miezi. Waksi ukiipaka inasaidia, lakini inaoshwa na kila mvua na kila sabuni, kwa hiyo uwe tayari kuipaka kila mwezi. Sijaona watu wengi wa kufanya hivyo.

Njia ya pili ni kuirudishia taa tabaka la kinga. Kitu kinachofaa kipo kila gereji ya rangi kuanzia Ilala hadi Kirinyaga Road kule Nairobi: klia ya magari, ile inayochanganywa na hadina. Imetengenezwa ikae juani na kuilinda rangi iliyo chini yake, na juu ya taa inafanya kazi hiyohiyo. Uzuri wake mwingine ni kwamba inaziba mikwaruzo midogo yenyewe. Kwa hiyo ukiamua kupaka klia huna haja ya kufika 3000. Ishia 1000 au 1500, kwa sababu klia inahitaji uso wenye ukakasi wa kushikia. Juu ya uso uliopigwa polishi mpaka ukawa kama kioo, itabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua.

Kabla ya klia, osha vumbi lote la msasa, kausha, futa kwa spiriti ya duka la dawa, usifute kwa tina. Mkono wa kwanza uwe mwembamba sana, kama ukungu wa asubuhi tu. Ukimwaga mwingi kwa pupa, kimiminika kilichomo kinaweza kuipasua plastiki na klia yenyewe itachuruzika. Subiri ushike, kisha piga mikono miwili ya kawaida. Baada ya hapo usioshe gari kwa siku kadhaa.

Lakini kupuliza klia yenye hadina si kazi ya nyumbani. Hadina ina kemikali ziitwazo isosianeti, ambazo zikivutwa zinaweza kumwachia mtu pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa haizizuii hata kidogo. Anayepuliza anahitaji kinyago maalumu cha kazi hiyo na mahali penye hewa, si uani karibu na jiko huku watoto wakishangaa. Ushauri wangu ni kugawana kazi: sugua mwenyewe nyumbani kwa makini, kazi ambayo fundi mwenye haraka hataifanya vizuri kama wewe, kisha peleka gari kwa fundi rangi akupulizie klia siku anapopuliza gari la mtu mwingine. Kwake ni dakika chache na mabaki ya klia chini ya bunduki yake. Mpatane bei kabla hajashika kazi.

Zipo pia klia za kopo, za kupuliza kwa kidole. Hazina ugumu uleule, lakini iliyoandikwa wazi kuwa ni ya taa na ina kinga ya urujuanimno inafaa kuliko kuacha uchi. Vanishi ya seremala usiijaribu. Inageuka njano yenyewe hata kwenye mlango.

Je, si bora kununua taa nyingine? Wakati mwingine ndiyo. Taa iliyopasuka, iliyoungua kwa ndani au yenye nyufa ndani ya plastiki ni ya kubadilisha. Ila jihadhari na unachobadilishia. Spea iliyotumika inaweza kuwa na jua la miaka kumi na miwili ndani yake, imesuguliwa jana ili ing'ae dukani, bila kinga yoyote. Mwombe muuzaji aitoe nje uitazame kwa mshazari kabla ya kulipa. Taa mpya za bei poa zisizo za kiwanda cha gari mara nyingine zinang'aa vizuri lakini haziupangi mwanga sawasawa barabarani. Katika vipimo vile vya AAA, taa za zamani zilizosuguliwa vizuri zilirudi kwenye asilimia 70 hivi ya mwanga wa taa mpya. Si asilimia 100, lakini ukilinganisha na ile 20 ya mwanzo, ni gari jingine kabisa. Na yeyote anayetaka kukuuzia balbu za LED zenye mwanga mkali ili zipenye kwenye ukungu, mshukuru uondoke. Mwanga mkali ndani ya kifuniko chenye ukungu unatawanyika mkali zaidi, na anayeumia ni yule unayekutana naye.

Kazi ikiisha, isimamie usiku. Egesha mita chache kutoka kwenye ukuta mweupe, washa dimu, utazame mstari wa juu wa mwanga. Kwenye taa nzima mstari huo unaonekana, giza juu na mwanga chini. Kwenye taa yenye ukungu hakuna mstari, kuna doa tu lililosambaa. Kama uliifungua taa wakati wa kazi, hakikisha pia kuwa zote mbili zinapiga kwa kimo kimoja. Mchana, egesha kivulini kila unapoweza, na kama huna kivuli, gari lielekee mahali ambapo jua la mchana litalipiga mgongoni.

Na kabla hujamlipa fundi yeyote wa taa, muulize atapaka nini juu yake akishamaliza kusugua. Akitaja klia, kaeni mpatane bei. Akisema polishi tu, mlipe bei ya kuosha gari, maana kinga bado hajaiweka.